Nitakuona Nje

Kanda ilikuwa moja tu, mistari inapita juu ya picha
kama mvua ambayo Dodoma haijapata kuiona.
Tivii ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma,
na Mwalimu Chitema akiifunua saa kumi na moja na nusu,
upepo wa Chang'ombe ukichoka kutupa mchanga madirishani.

Ndani yake daktari mzee, Mwingereza, mvi mpaka nyusi.
Kila mgonjwa akinyanyuka kuaga
daktari anashika kitasa, anakohoa, anasema:
Ail si yu aut.
Na watu tusiowaona wanacheka.
Wanacheka humo humo sandukuni, kama wamefungiwa.

Tuliandika madaftarini kama tulivyosikia,
tukatafuta neno kwa neno, tukapata:
nitakuona nje.

Lubeleje, muuza zabibu wa stendi, akaweka kalamu chini.
"Huyu daktari anataka ngumi.
Sisi Hombolo, ukiambiwa hivyo darasani
unavua saa ya mkononi, unampa rafiki akushikie,
unaomba kengele isigongwe."
Tukakubaliana. Daktari mkorofi, wagonjwa waoga,
na wanaocheka ni wale wapenda ugomvi wa wenzao.

Mwalimu akafuta ubao kwa kiganja.
"Anasema, nitakusindikiza. Mpaka mlangoni. Ni adabu."
Sasa adabu inachekesha nini?
Mama Sechelela, asiyekosa kipindi ila siku ya mnada wa Msalato,
akasema kwao mgeni husindikizwa mpaka njia panda
na hakuna anayecheka.
"Labda kwa Wazungu ni jambo geni."
Mwalimu akacheka peke yake.
Kuna maana ya pili, alisema, mtaipata mkikua.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne.
Mama Sechelela alikuwa na wajukuu.

Kiingereza kile kilinipa kazi: mapokezi, Mtumba,
jengo ambalo bado linanuka rangi.
Siku moja akaja mzee wa Kizungu, fundi wa mabomba makubwa,
magoti yanalia kuliko viatu.
Amemaliza shida yake, anatafuta mlango.
Nikasimama, kwa adabu zote za kanda ile:
Ail si yu aut.

Akautazama ujana wangu uliobaki,
akaitazama fimbo yake,
akacheka mpaka mlinzi akaja.
"Bila shaka yoyote, binti."
Kisha akanieleza, polepole, kama anayelipa deni:
mlangoni, ndiyo. Na pia,
wewe utaondoka duniani mimi nikiwa bado nipo.
Nitakula wali wa msiba wako.

Kumbe.
Kumbe yule mwenye kikohozi ndiye aliyekuwa
akiwaahidi wagonjwa wake kuwazika.

Jioni hiyo hiyo nikaenda Ipagala, kumwambia Mwalimu kwamba nimekua.
Nilimkuta kwenye godoro, amepungua,
mkewe anampoozea uji wa uwele.
"Mbukwa," akasema. Nikaitika.
Nikamsimulia yote, fimbo, mlinzi, wali.
Hakucheka. Alikuwa anasikiliza matamshi.
"Hiyo aut unaivuta mno."

Nilipoaga akanyanyuka. Mkewe alikataa, akanyanyuka hivyo hivyo.
Hatua tisa, nilizihesabu.
Akashika kitasa, akakohoa
(mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza),
akafungua mdomo.
Nikamuwahi: "Usinisindikize, Mwalimu, nje kuna baridi."
"Basi," akasema, "nisindikize wewe."

Hiyo ilikuwa Juni.
Agosti tulikutana wote, darasa zima, kasoro tivii.
Mama Sechelela aliacha mnada.
Lubeleje alipewa upande wa kulia, mbele.
Kabla ya kuinama kuinua
alivua saa yake ya mkononi, akanipa nimshikie.